Pipi za Marseille: nani leo angejisalimisha kwa de Sade?

Juu ya meko ya chumba kimoja mjini Marseille, mwaka 1772, wapelelezi walikuta namba nne zimechongwa kwa kisu: 215, 179, 225, 240. Ni hesabu ya mapigo. Aliyezichonga ni Donatien Alphonse François de Sade, mkabaila wa Kifaransa wa miaka 32, Marquis kwa cheo, mtu ambaye jina lake lilikuja kuzaa neno la kitabibu la starehe ipatikanayo kwa kuumiza wengine. Ukisimuliwa hadi hapo, kichwa chako kinamalizia chenyewe: wasichana wanne, kamba, mayowe, mapigo 859.

Sasa sikiliza ushahidi wa wasichana wenyewe. Mapigo yale alipigwa yeye.

Alikuja na mjeledi wake wa ngozi kavu uliochomekwa pini zilizopindwa, akampa msichana amchape. Msichana akapiga mara tatu, moyo ukamshinda. Ikabidi mtumishi wa nyumba atumwe kununua fagio. Lisikujie la chelewa kama letu, lilikuwa la vijiti vya vichaka vya kwao. Marquis mzima akakaa kusubiri fagio lirudi. Lilipofika, kazi ikaendelea, na kila zamu ikiisha anachonga jumla yake kwenye meko, kama mwenye duka anayeandika deni.

Huyo ndiye mtu wa swali letu. Wapo watu wazima leo, wanawake kwa wanaume, ambao kwa hiari yao hupenda kuwekwa chini na mpenzi: wafungwe, waamrishwe, hata wachapwe. Uchunguzi mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2008, uliohoji zaidi ya watu 19,000, ulikuta kwamba karibu asilimia 2 ya waliokuwa na maisha ya kimapenzi walifanya mambo ya namna hiyo ndani ya mwaka mmoja, na haukuwakuta wakiwa watu waliolazimishwa ngono zaidi kuliko wengine. Huko Ulaya na Marekani mambo yenyewe huitwa BDSM. Mimi nitamwita aliye chini mtiifu wa hiari, na aliye juu bwana au bibi, ingawa maneno hayo yana historia yake kwetu na nitairudia. Basi je, watiifu hao wakitokewa na de Sade mwenyewe, yule wa nyama na damu, wangepiga magoti?

Jibu la haraka ni kwamba wasingeweza kwa sababu alikuwa mkali mno. Nami nasema wasingepiga magoti, ila ukali haumo kabisa katika sababu zangu. Wapo watu Berlin na San Francisco ambao mapigo 240 ya fagio kwao ni kufungua shughuli tu.

Watu hao kwanza wanaongea. Jambo hili huwashangaza wasiolijua, maana hudhani humo ndani ni giza na minyororo. Kumbe sehemu kubwa ni maneno, wakati mwingine ya kuchosha kama kikao cha harusi. Nini ruksa, nini marufuku. Nani ana pumu, nani goti lake bovu, kamba isipite wapi. Kisha wanakubaliana neno la breki. Wengi hutumia taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama. Neno la pembeni linahitajika kwa sababu ndani ya igizo "basi", "niache" na "nakufa" yanaweza kuwa mapambo, "nyekundu" haiwezi. Likitamkwa, aliye juu anaacha papo hapo, kiboko kikiwa bado hewani. Asiyeacha, habari zake husambaa, na wenzake wakiulizwa juu yake husema ukweli. Shughuli ikiisha kuna maji, blanketi na maneno ya upole, kwa sababu mwili ulioumia kwa kupenda nao huumia.

Ukiyatazama vizuri, aliye chini ndiye aliyeshika breki. Bwana anaendesha gari ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa abiria. Wahenga hawakuwa na mambo haya akilini waliposema hiari yashinda utumwa, lakini sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Turudi Marseille, tuliache fagio tushike pipi.

De Sade alikuwa na kijisanduku cha kioo chenye ukingo wa dhahabu, ndani mna pipi za anisi. Aliwakaribisha wasichana wale: kula, kula zaidi. Hakuwaambia zimetiwa nini. Zilitiwa unga wa kantharidi, mdudu wa kijani ambaye Wazungu wa enzi zile walimsaga kama dawa ya kuamsha ashiki. Unga huo huchoma kibofu na figo, na ukizidi unaua. Jioni ya siku ile ile alikwenda kwa mwanamke wa tano, Marguerite Coste, naye akashindiliwa pipi. Siku kadhaa zilizofuata binti wa watu alikuwa anatapika tu.

Msomaji wa Nairobi hapa hahitaji mkalimani: aliwekewa mchele, yaani dawa ya siri. Wa Dar es Salaam atasema limbwata, ingawa limbwata tumezoea kulihesabia wanawake. Na katika limbwata zote tulizowahi kuzisikia kwenye vibaraza, kinachomuudhi mtu akigundua huwa ni kitu kimoja. Hajali sana ulikuwa mzizi wa mti gani. Anauliza: kwa nini hukuniambia?

Weka fagio na pipi pamoja. Ni siku moja na ni mtu yule yule. Kwenye mjeledi msichana aliona anashika nini, akasema moyo umemshinda, na kusema kwake kukabadilisha mambo, fagio likaletwa. Yapo mengine aliyoyataka, wasichana wakakataa, na kwa maelezo yao wenyewe hakuyapata. Walikuwa wanalipwa, ndiyo, na mwenye pesa na asiye nazo hawasimami sawa, lakini neno "hapana" lilikuwa na uzito fulani chumbani mle. Kwenye pipi hapakuwa na cha kukataa, maana hapakuwa na lililoulizwa.

Mahakama ya Aix haikuligawa jambo hivyo. Ilimhukumu kifo yeye na mtumishi wake Latour, ambaye hakuwa mtazamaji tu, kwa kosa la kulisha sumu na kosa la ulawiti kwa pamoja, na kwa kuwa wote walikuwa wameshatoroka, sanamu zao ndizo zilizochomwa uwanjani tarehe 12 Septemba 1772. Sheria ya enzi ile ilipima mambo mawili yasiyofanana kwa jiwe moja: kumdhuru mtu asiyejua, na kufanya ambacho kanisa halikitaki. Nadhani mkanganyiko wetu kuhusu de Sade umeanzia pale. Wanaomchukia humchukia kwa yote mawili, na wanaompenda humsamehe yote mawili.

Wanaompenda wapo, tena ni watu wazito. Mshairi Guillaume Apollinaire mwaka 1909 alimsifu kuwa ndiyo roho huru kuliko zote zilizowahi kuwepo. Mwaka 2021 serikali ya Ufaransa ililinunua kwa euro milioni 4.55 gombo la mita 12 la riwaya yake, aliloliandika kwa herufi ndogo ndogo gerezani Bastille mwaka 1785, gombo lililokuwa limeshatangazwa hazina ya taifa. Sina ugomvi na gombo. Karatasi haijawahi kumfunga mtu kitandani. Lakini nikisikia habari za roho huru, namuwaza Rose Keller.

Huyu alikuwa mjane wa miaka 36. Kazi ya kusokota pamba ilikuwa imemwishia, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1768, alikuwa anaombaomba Place des Victoires mjini Paris. Bwana mmoja nadhifu akamwambia ana kazi ya usafi nyumbani kwake. Wakapanda gari la farasi hadi Arcueil, nje ya mji. Humo ndani akaamriwa avue nguo, akafungwa, akachapwa. Akamwomba asimuue, kwa sababu alikuwa bado hajaungama kwa ajili ya Pasaka. De Sade akamjibu kwamba hata yeye anaweza kumuungamisha.

Alipofungiwa chumbani peke yake, Rose aliunganisha mashuka, akateremka dirishani, akaruka ukuta wa bustani. Mtumishi akamkimbilia na mfuko wa pesa akimsihi arudi. Hakurudi. Wanawake wa kijiji wakamsitiri na kumpeleka kwa wakubwa wa pale.

Natamani kila anayeuliza kama watiifu wa leo wangemkubali de Sade alitazame dirisha lile kwanza. Mtiifu wa hiari hateremki kwa mashuka. Hana haja, kwa kuwa mlango wake una kitasa cha ndani, na kitasa hicho ni neno moja tu.

Na utetezi wa de Sade ulikuwa upi? Kwamba Rose alijua alichoendea. Familia ikamlipa mjane livre 2,400 aondoe malalamiko, fedha ambazo msokota pamba asingeziona kwa miaka mingi ya kazi, na kabla mwaka haujaisha muungwana akawa nje.

"Alijua alichoendea." Maneno hayo hayajazeeka. Uingereza ya miaka ya karibuni imeona wanaume waliofikishwa mahakamani kwa kuua wakisema marehemu mwenyewe alitaka kukabwa, mchezo tu ulizidi, na aliyetakiwa kukanusha yuko kaburini. Sheria ya mwaka 2021 ya England na Wales kuhusu ukatili wa majumbani ikaandika wazi kwamba hakuna anayeweza kuridhia majeraha makubwa kwa ajili ya starehe ya ngono. Mzizi wake ni hukumu ya mwaka 1993, ambapo majaji wa juu, watatu dhidi ya wawili, walithibitisha hatia ya wanaume watu wazima walioumizana faraghani kwa makubaliano, wala hapakuwa na hata mmoja aliyelalamika. Mimi naona majaji wale watatu walikosea na bunge lile halikukosea. Najua wanasheria watanicheka, kwa sababu kanuni ni ile ile. Lakini wale wa 1993 wote walikuwa hai kusema "nilikubali".

Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaeleza ridhaa kuwa ni kukubali kwa kuchagua, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Neno uhuru humo ndilo linalouma. Rose alikuwa na njaa. Hata kama angeambiwa ukweli pale uwanjani, mimi nisingekuwa na haraka ya kuita jibu lake ridhaa.

Ya La Coste, kasri lake la kusini, nayapita haraka. Majira ya baridi ya 1774 kuingia 1775 alikusanya humo watumishi wa umri mdogo kutoka Lyon na Vienne, akafunga milango, na wazazi wakashtaki kwamba watoto wao wametekwa. Hapo hakuna mjadala wa ridhaa, mtoto hana ridhaa ya kutoa. Mwanzoni mwa 1777 baba wa mtumishi mwingine alifika kasrini na bastola, akamfyatulia. Baruti haikushika.

Kama watiifu wa leo wana babu, basi ni mtu mwingine kabisa. Leopold von Sacher-Masoch, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1836 Lemberg, mji uliokuwa chini ya Austria, Desemba 1869 alitia saini mkataba na mwanamke aitwaye Fanny Pistor. Kwa miezi 6 atakuwa mtumwa wake na kutii kila amri. Bibi naye, kwa upande wake, avae manyoya kila inapowezekana, hasa anapokuwa mkali. Halafu kuna kifungu ninachokipenda kuliko vyote: mtumwa atengewe saa 6 kila siku kwa kazi zake, na bibi asizichungulie barua wala maandishi yake.

Mtumwa mwenye saa 6 za faragha! Mwezi ule ule wa Desemba 1869, soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa wazi. Lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultan Barghash alibanwa na Waingereza hadi akatia saini, na utumwa wenyewe ukabaki halali kisiwani hadi 1897. Hakuna aliyepita Mkunazini akasaini miezi 6. Hakuna aliyewekewa kifungu cha barua zake kutochunguliwa. Ndiyo maana nilisema maneno bwana na mtwana yana historia kwetu. Mswahili akimsikia mtu wa Amsterdam akijiita mtumwa kwa raha zake, linamkwaruza, na ana haki likimkwaruza. Ila akituliza moyo ataona kitu: yule wa Amsterdam, sawa na Sacher-Masoch, anaweza kucheza utumwa kwa sababu tu si mtumwa. Uhuru anao wa kutosha hata akaugawa kwa vipindi, kama mtu anayekodisha chumba cha uani huku hati ya nyumba iko kabatini kwake.

De Sade hakuhitaji mkataba na mtu. Alizaliwa bwana, La Coste watu walikuwa wake kwa urithi, na hata alipofungwa alifungwa kibwana: kwa barua ya mfalme, bila kesi, kwa maombi ya mama mkwe. Mwanafalsafa Gilles Deleuze aliandika mwaka 1967 kwamba ni kosa kuwafunga de Sade na Sacher-Masoch kwenye neno moja, sadomasochism, kana kwamba ni kufuli na ufunguo. Sacher-Masoch ni mtu wa mkataba, de Sade ni mtu wa taasisi, na mtesaji wa namna ya de Sade asingemvumilia mhanga anayefurahia. Upo mzaha mkongwe unaosema hivyo kwa ufupi. Mpenda maumivu anamwambia katili: niumize. Katili anamjibu: sitaki.

Basi swali lina upande wa pili ambao kwa kawaida hauulizwi, nao ni kama de Sade angewataka hao watiifu. Yule wa vitabuni, hapana. Wakubwa wa hadithi zake wanatafuta machozi yasiyo na hila, na mtu aliyekuja na orodha ya anachopenda angewaharibia siku. Yule wa kweli ni mgumu zaidi kumweka, kwa sababu ya lile fagio. Alijua kuomba, kungoja, hata kuchapwa na mtu wa chini yake kabisa. De Sade wa fagio angeingia klabu ya Berlin akakaribishwa, labda hata akachosha watu kwa hesabu zake. De Sade wa pipi angetolewa na mabaunsa kabla hajavua koti.

Shida ni kwamba walikuwa wanatembea kwa miguu miwili ile ile.

Atanipinga mtu, na kwa haki. Atasema: mbona watu wengi, wapole kabisa mchana, usiku huota yule asiyeuliza? Kweli huota. Lakini anayeota anakimbizwa na simba ndiye anayempa simba miguu, ndiye anayepanga mti uko wapi, na ndiye anayeamka. Ndoto ya kulazimishwa ina mwandishi mmoja, naye amelala salama kwake. Ndiyo sababu watiifu wa hiari wanaweza kusoma habari za de Sade kitandani, wakasisimka, na wasifungue mlango akibisha. Sioni unafiki hapo. Wapenzi wa hadithi za wachawi nao huwa hawawaiti nyumbani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kiko kwingine. Nilisema wasingejisalimisha kwake. Sijasema wasingenaswa naye. Msamiati wa taa za barabarani mtu mwerevu anaujifunza kwa wiki moja, na de Sade alikuwa mwerevu kupita kiasi. Angekaa kwenye kile kikao, akauliza habari za goti, akaahidi nyekundu itaheshimiwa, akanukuu na kauli yao maarufu ya usalama, akili timamu na ridhaa. Pipi za leo zinaweza kuwa maneno hayo hayo. Wenyewe wanajua; ndiyo maana wakongwe wao huwaambia wageni wakutane kwanza mahali pa hadhara, wamwachie rafiki anwani, waulize kwa wapenzi wa zamani. Na hapo kwenye kuuliza wapenzi wa zamani ndipo ningependa kusikia Rose Keller akipigiwa simu.

Lakini yupo mmoja aliyejisalimisha kwake kweli, na watu humsahau kwa sababu hakuwahi kuhesabiwa mapigo. Renée-Pélagie de Montreuil aliolewa naye Mei 1763. Alimtetea katika kesi ya Arcueil na katika kesi ya Marseille. Mwaka 1773, mume akiwa amefungwa ngome ya Miolans, alivaa mavazi ya kiume akasafiri kujaribu kumwona. Mama yake mzazi ndiye aliyefanikisha kukamatwa kwa mkwewe Februari 1777, na binti akasimama upande wa mume dhidi ya mama. Kwa miaka akapeleka gerezani vitabu, nguo, mishumaa, vyakula.

Na majibu aliyopata tunayo, kwa sababu barua zimehifadhiwa. Mishumaa haifai. Biskuti siyo hiyo. Mwaka 1779 mume aliagiza keki ya chokoleti ambayo ndani iwe nyeusi kama makalio ya ibilisi yalivyoungua kwa moshi. Nacheka kila nikilikumbuka, halafu namfikiria aliyekuwa anatembea mjini kuitafuta. De Sade alihesabu mistari ya barua za mkewe, akijumlisha na kutoa, akiamini namba zake zinaficha tarehe ya kufunguliwa kwake, na zisipojibu humtukana kwamba anamchezea. Mwaka 1781 wivu ukampanda. Hakuridhika hadi mkewe alipoacha makazi yake na kuhamia kwenye nyumba ya watawa ya Sainte-Aure.

Hapo hapana kamba, hapana fagio, hata pipi hakuna. Mtu yuko kwenye chumba kinachofungwa kwa nje, na bado anaamua mwanamke alale wapi. Mimi katika maisha yote ya de Sade naliona hili kuwa ndilo tendo lake la kibwana kuliko yote, na watu wa kamba na viboko wa leo, ambao majirani huwaogopa, wengi wao wangelitambua mara moja na kuliita kwa jina lake. Renée-Pélagie hakuwa na neno la breki. Kanisa, sheria na malezi yake vilikuwa vimekubaliana zamani kwamba halihitaji.

Machi 1790 Mapinduzi ya Ufaransa yalizifuta barua za mfalme za kufunga watu bila kesi. De Sade akatoka tarehe 2 Aprili, Ijumaa Kuu, mnene hata kutembea kunampa tabu, baada ya miaka kama 13 ndani. Akaenda Sainte-Aure kumtafuta mkewe.

Mkewe alikuwemo. Akakataa kuonana naye.